Vizibao vya Njano

Nimewadharau watu wachache maishani mwangu, lakini wale wa bwawa la Mufindi niliwadharau kwa moyo wote, na mume wangu alikuwa mmoja wao.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Yeye alikuwa karani katika shamba la chai. Mimi nilikuwa nimetoka kwetu Unyakyusa, ng'ambo ya Mbeya, nikiwa na watoto wawili na cherehani ya mkono, na ufundi niliofundishwa na masista wa misheni, ambao walikuwa wakifumua kazi yako yote kwa sababu ya mshono mmoja uliopinda. Shamba lilikuwa na bwawa lililochimbwa kwa ajili ya maji ya kiwanda. Wazungu wa mashamba ya jirani walipoyaona maji yale wakaleta mashua ndogo za makasia na za tanga, wakajenga kibanda cha mbao, wakakiita klabu. Kila Jumapili, ukungu ukishapanda kidogo, walikuwa wakizunguka humo kama mabata, hawaendi popote, hawavui kitu, wanarudi palepale walipotoka na kupongezana. Kwetu ziwani mtu haingii majini ila ana safari au ana njaa. Niliwatazama kutoka barazani kwangu nikasema, hawa watu wamekosa kazi.

Mke wa meneja, memsahibu kama tulivyomwita, ndiye aliyekuwa mtunza vifaa vya klabu. Siku moja alikuja mlangoni kwangu na gunia, hakubisha hodi, akalimwaga lote barazani.

"Wewe fundi cherehani? Hii vizibao ya maji. Shona hapa, na hapa, na hapa. Jumamosi mimi nataka."

Vilikuwa kumi na viwili. Kizibao cha maji ni vazi lisilo na mikono, la kitambaa kigumu, lenye tepe za kufungia kiunoni, na kifuani na mgongoni limejazwa sufi, ileile ya mito ya kulalia. Sufi ndiyo inayomwinua mtu akianguka majini. Kwa hiyo kizibao ni uhai wa mtu, na mtu mwenye akili angekitunza kama anavyotunza mbegu za msimu ujao.

Hawa hawakuwa wametunza kitu. Kimoja kilinuka petroli hata nikakitoa nje. Kingine kilikuwa kimekaushwa karibu na moto, kitambaa kimeungua upande mmoja na kuwa kikavu kama ganda la muhindi. Cha tatu panya walikuwa wamezalia ndani. Vingine vilikuwa vimebapa kabisa, kwa sababu mabwana wale na wake zao walivikalia kwenye mbao za mashua ili makalio yao yasiumie. Nilifumua mshono wa kimoja nikaingiza vidole. Sufi ilikuwa imeshikamana mabonge mabonge, nzito, yenye weusi, kama nywele zilizotolewa kwenye mfereji.

Mlinzi wa mashua pale bwawani alikuwa mtu wa kwetu, Mnyakyusa wa ufukweni, mtu mzima mwenye mabega mapana na maneno machache. Nilimpelekea vile vizibao nikamuuliza kwa lugha ya nyumbani kama ndivyo vinavyotakiwa kuwa.

Alichukua jiwe la kiasi cha kichwa cha mtoto, akalifunga kwenye kizibao kimoja, akakitia majini kando ya gati. Kikaelea. Akafanya hivyo kwa vyote, kimoja baada ya kimoja, kisha akaenda kupaka lami mashua yake, nami nikaketi pale nikisubiri. Alasiri tulipovitazama, saba vilikuwa juu. Vitano vilikuwa vimekwenda chini na mawe yao.

"Hivyo vitano vimekufa, dada," alisema. "Nilimwambia memsahibu mwaka jana. Alisema mimi mvivu, nataka kupunguziwa kazi ya kuvibeba."

Nilimwambia memsahibu mimi mwenyewe. Nilidhani, kwa kuwa mimi ni fundi, atanisikia. Nikampangia vile vitano peke yavyo, nikamweleza kuwa kushona nje hakusaidii, vinahitaji kutolewa matumbo na kujazwa sufi mpya, na kwamba hata vile saba vizima visikaliwe tena wala kukaushwa motoni, vitundikwe kivulini penye upepo.

Alinisikiliza huku akitazama saa yake.

"Hii imetoka Ulaya," alisema. "Hapana zama. Wewe shona tu, hapana fundisha mimi."

Kisha akaona kwamba vile vitano ndivyo vilivyokuwa na madoa mengi kuliko vyote, akamwita mpaka rangi wa shamba. Vikapakwa rangi ya mafuta, ya njano, tabaka mbili, hadi vikang'aa kama ndizi. Vilivyokuwa vizima vikaachwa na uchafu wao. Nilipomwona mama mtu mzima anaufunika uozo kwa rangi na kufurahi, dharau niliyokuwa nayo ikapata mahali pa kukaa.

Siku hizo wakubwa walianza kuzungumza habari za watu wa rangi zote kushirikiana. Neno hilo likafika hata kwenye klabu ya bwawa, na wao wakaona njia nyepesi ya kulitimiza: wangewaalika Waafrika wanne wenye adabu, pamoja na wake zao, waje Jumapili moja wanywe chai na kupanda mashua. Mume wangu alikuwa wa kwanza katika orodha.

Sijapata kumwona mtu akibadilika vile. Alianza kutembea polepole. Aliipeleka suti yake ya kijivu kupigwa pasi mara mbili kabla ya siku yenyewe. Jioni aliniketisha akanifundisha jinsi ya kushika kikombe, yeye ambaye nyumbani alikuwa akimimina chai kwenye kisahani na kuivuta kwa kelele.

"Baba," nilimwambia, "mimi sijui kuogelea. Na wewe hujui."

"Tunakwenda kwenye sherehe, mama, hatuendi kuogelea. Kuna vizibao."

"Vizibao hivyo nimevifungua kwa mikono yangu. Vingine vimekufa."

"Wewe unajua nini habari za vitu vya Ulaya?"

Niliamua kwamba, kama ni lazima niingie kwenye maji yale kwa ajili ya kiburi cha mtu, nitaingia na kizibao nilichokishona mwenyewe.

Kesho yake nilipata nafasi kwenye lori la shamba hadi Nyololo, na kutoka hapo basi la Iringa. Nyuma ya soko kulikuwa na mama mmoja Mwislamu, mzaliwa wa palepale Iringa lakini babu zake walitoka pwani, aliyekuwa akishona mito na magodoro. Alikuwa mnene, mchangamfu, na hakukubali uguse mali yake kabla ya kusema unaitakia nini.

"Sufi ya mto, mwanangu?"

"Ya kuelea majini, mama."

"Mufindi kuna bahari siku hizi?"

Nilimweleza habari ya bwawa, na Wazungu, na ule mwaliko. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Halafu akaacha kucheka, akaleta beseni la maji. Alichota sufi kutoka gunia la kwanza, akaikandamiza hadi chini ya beseni, akaachia. Ikakaa kidogo, kisha ikaanza kunywa, ikalala chini. Akachota kutoka gunia la pili. Hii ilimruka mkononi ikaja juu, na alipoikung'uta ilikuwa karibu kavu.

"Ile ya kwanza nimeletewa ikiwa imechanganywa na pamba," alisema. "Kwa kichwa cha mgeni inafaa. Kwa roho yako, hapana. Na usiishindilie. Watu hudhani ikijaa sana ndiyo itabeba. Kinachoelea ni ile hewa iliyomo humo, ukiibana umeiua. Ishone kwenye vifuko vidogo vidogo, kimoja kikitoboka vingine vibaki."

Huyo ndiye mtu wa kwanza katika habari hii yote aliyejua alichokuwa akikisema, na hakuwahi kuona mashua.

Nilishona kizibao changu kwa turubai la zamani la lori, la rangi ya udongo, na ndani nikaweka vifuko kumi vya kitambaa kilichopakwa nta. Tepe nikazifanya pana, nikazipitisha kwapani na kuzifunga mbele. Kilikuwa kibaya, siwezi kusema uongo. Kilinifanya nionekane kama gunia la viazi lenye kichwa. Nilikipeleka kwa mlinzi akakifunga jiwe, na hata siku ya pili lile jiwe lilikuwa bado limening'inia chini yake. Nilibakiwa na sufi ya kutosha kingine. Nikamshonea mume wangu chake, kipana zaidi kifuani, nikakitandika kitandani Jumapili asubuhi kando ya suti.

Alikitazama kama mtu aliyewekewa panya mfu.

"Nivae mto mbele ya watu?"

"Vaa, baba. Ukirudi mzima nicheke."

"Utaniaibisha," alisema, na akatoka.

Bwawani baridi ilikuwa kali ya mwezi wa saba, ile inayouma masikio. Memsahibu alikuwa amepanga vizibao juu ya meza, na vile vitano vya njano ameviweka mbele kwa ajili ya wageni, maana ndivyo vilivyopendeza. Aliwagawia wale wanaume wanne kwa mkono wake mwenyewe huku akitabasamu, na wake zao wakachukua katika vile vyenye uchafu. Yeye hakuvaa kizibao, na Wazungu wengine pia hawakuvaa. Nikaelewa kwamba vizibao vilikuwa vya watu wasiojua maji, kama kitambaa cha udenda cha mtoto mchanga.

Mume wangu alipovaa chake nilikishika mabegani nikakivuta juu, kama unavyofanya na nguo ya mtoto kuona kama inamkaa. Kilipanda hadi masikioni.

"Kimelegea," nilisema. "Kaza tepe."

Akanipiga mkono. "Tai itakunjika."

Nami nikavaa changu cha turubai. Memsahibu akapiga makofi.

"Tazama! Huyu amevaa godoro!"

Walicheka wote. Wazungu walicheka, na Waafrika waalikwa wakacheka baada yao, kwa sauti zaidi, mwalimu mkuu wa shule ya shamba akiwa wa mbele. Mume wangu alicheka pia. Nilihesabu vizibao vya njano vinne vinavyocheka, nikakaza tepe zangu.

Walitupakia watatu katika mashua moja ya makasia: memsahibu akipiga makasia, mume wangu mbele, mimi nyuma. Hatukuwa tumefika mbali, kama mwendo wa kurusha jiwe mara mbili, wakati bwana mmoja aliyekuwa gatini na kamera alipoita:

"Karani! Simama kidogo!"

Nilimwona mume wangu anavyofungua tepe za chini ili tai yake ionekane vizuri. Nikasema, "Usisimame." Memsahibu naye alisema neno kwa Kiingereza, kwa sauti ya haraka. Mume wangu akasimama. Akashika ukosi wa koti, akainua kidevu, na mashua ikalala ubavu kana kwamba ilikuwa imechoka kutubeba.

Maji ya Mufindi yanakata pumzi. Kwa muda sikujua juu wala chini, kisha turubai likanivuta kwapani na kunitoa, na kichwa changu kikawa hewani, kidevu juu, nakohoa. Nilikuwa naelea. Sikuwa nafanya kitu chochote, nilikuwa naelea tu, na nakumbuka wazo lililonijia, la kipumbavu kabisa: mshono umeshika.

Mume wangu alikuwa karibu nami. Kile cha njano kilikuwa kimepanda usoni pake, na mikono yake inakipiga kukiondoa. Kisha kikaanza kushuka, na yeye akashuka nacho. Nilinyoosha mkono nikashika ukosi wa ile suti iliyopigwa pasi mara mbili, nikavuta. Kizibao changu kikazama kidogo kwa uzito wa wawili, maji yakanifika mdomoni, kikatulia hapo. Nilimlaza kichwa begani kwangu. Alikuwa akilia, si kwa machozi, kwa sauti, kama mbuzi.

Memsahibu alikuwa akiogelea. Aliogelea vizuri sana, nakiri, kuelekea nchi kavu.

Mlinzi wa mashua alikuja na mashua ya pili, akisukuma makasia kama mtu anayelima. Akamshika mume wangu kwapani akaniambia kwa lugha yetu, "Mwachie sasa, dada, nimempata."

Sikuweza kumwachia. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwenye ule ukosi. Ilibidi anifungue kimoja kimoja.

Kwenye kibanda walitupa mablanketi na chai ya moto. Kizibao cha njano kilikuwa sakafuni, na maji yalikuwa bado yanatoka kupitia mishono kama ng'ombe anayekojoa. Watu walikusanyika wakauliza ilikuwaje, na mume wangu, meno yakigongana, akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, akasema:

"Nilimshika mke wangu. Nilijua hawezi maji."

Nilimtazama. Alitazama kikombe. Wakampiga bega, "Hongera, karani," na mwalimu mkuu akanigeukia akaniambia nimshukuru Mungu kwa kunipa mume jasiri. Nilikuwa na baridi mno kusema lolote. Lakini hata kama ningekuwa na joto, nadhani ningenyamaza, maana kuna uongo mdogo sana ambao ukiuinamia kuuokota unajichafua mikono.

Jumatatu memsahibu alikuja na gunia lake kana kwamba hakuna lililotokea.

"Wewe kausha hii. Unaona? Hapana mtu alikufa. Vizibao mzuri."

Nilichukua kile alichovaa mume wangu nikakilaza juu ya meza mbele yake. Nikachukua mkasi, nikaingiza ncha penye rangi nikakipasua kutoka shingoni hadi kiunoni. Yale matumbo yakamwagika, meusi, yameloa, yananuka petroli na mavi ya panya. Kisha nikaleta beseni la maji, nikatupa konzi moja ya uchafu ule humo, na kando yake konzi moja ya sufi ya Iringa. Ule uchafu ukaenda chini na sufi ikabaki juu.

Uso wake ukawa mwekundu kuanzia shingoni.

"Wewe haribu mali ya klabu," alisema. Akakusanya vilivyobaki akaondoka, na kwa muda mrefu sikuletewa tena hata kifungo cha kushikiza.

Baada ya hapo klabu haikuwaalika tena Waafrika. Walisema wameona kwamba Waafrika hawako tayari kwa maji. Mume wangu alinikasirikia kwa hilo. Siyo memsahibu, siyo bwana wa kamera: mimi, kwa sababu ya mkasi. Alisema alikuwa karibu kuwa mtu na mimi nimemrudisha nyuma. Aliendelea kuisimulia hadithi ya jinsi alivyoniokoa, na kila mwaka bwawa lilizidi kuwa kubwa. Tulipohamia Mbeya lilikuwa na mawimbi. Wageni walipoketi kumsikiliza nilikwenda jikoni, na niliporudi na chai nilimmiminia yeye kwanza, kama inavyopasa, na hajapata hata siku moja kunitazama machoni akiwa katikati ya hadithi ile.

Lakini kabla hatujahama, memsahibu alirudi. Safari hii alibisha. Alikuwa na mama mzee sana, mama yake mzazi aliyefika kutoka Ulaya kumtembelea, mwembamba, amejifunga shali mbili. Memsahibu alisimama kizingitini akitazama maua yangu, na maneno yalimtoka kwa shida.

"Mama yangu anapenda kupanda mashua. Mimi nataka kizibao. Kama ile yako."

"Ya godoro?" niliuliza.

"Ndiyo," alisema. "Ile."

Ningeweza kumkatalia, na nilikuwa na hamu hiyo. Nilimwonyesha kigoda cha jikoni akae asubiri, naye akakaa, magoti yakimfika kidevuni. Nilichukua utepe nikampima yule bibi kifua, mgongo, urefu kutoka begani hadi kiunoni. Nikamweleza memsahibu masharti yote tena, taratibu, na safari hii nikamwambia ayarudie. Akayarudia kwa Kiswahili chake kilichovunjika: kivulini, siyo motoni, tundika, hapana kalia, funga jiwe kila mvua ikiisha, ngoja hadi jioni.

Wakati tunasema hayo, yule bibi alikuwa amekichukua kizibao changu kutoka msumarini. Alikigeuza nje ndani. Alivaa miwani, akapitisha kidole juu ya mishono yangu kutoka mwanzo hadi mwisho, akavuta tepe kwa nguvu ambayo sikuitegemea katika mikono ile, akakibonyeza kifuko kimoja kimoja na kusikiliza. Aliponitazama alinionyesha ncha ya kidole chake cha kati, kilichokuwa na sugu ya sindano, kama changu. Hakujua Kiswahili, nami Kiingereza changu kilikuwa cha misheni. Akasema neno moja nililolifahamu, "Good," akakirudisha msumarini taratibu, kikiwa kimenyooka.

Nilimshonea chake kwa siku mbili. Huyo sikumdharau.